Simu moja kwa watu watano: mwongozo wa zana za mtandaoni kwa mwezeshaji wa elimu ya watu wazima

Mwongozo huu ni wa mwezeshaji mwenye darasa la watu ishirini na kitu, chumba cha kuazima katika shule ya msingi watoto wakishatoka, ubao, chaki na simu yake mwenyewe. Miongozo mingi ya namna hii hudhani kila mwanafunzi ana kishikwambi na kituo kina Wi-Fi. Hapa tuchukulie kwamba simu janja zilizopo darasani ni sita, mojawapo kioo kimepasuka, na bando likijitahidi sana linafika Alhamisi.

Hali hiyo si kikwazo kikubwa kama inavyoonekana. Tanzania tumeshafundisha watu wazima kwa chombo kimoja kwa watu wengi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada yake zikaja kampeni za redio: Mtu ni Afya mwaka 1973, kisha Chakula ni Uhai mwaka 1975. Watu wapatao milioni 2 walishiriki ile ya 1973, na hakukuwa na redio milioni 2. Walikaa kwa vikundi, wakasikiliza kipindi pamoja, kiongozi wa kikundi akawasomea kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika redio ikiwa imeshazimwa. Simu nayo nashauri itumike hivyo hivyo: iwashwe, ifanye kazi yake fupi, ilazwe mezani, watu wazungumze.

Hatua ya 1: Anza na shida ya mtu, programu itafuata

Mtu mzima haji darasani kwa sababu kengele imelia. Ameacha genge, shamba au mgonjwa nyumbani, na kuna jambo linalomsumbua. Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza nchini Kenya mwaka 2004, akiwa na miaka 84, alikuwa na sababu yake: alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Kwako atakuwepo mama lishe anayempa mtoto wa jirani simu amsomee meseji za miamala, na namba ya siri anamtajia humo humo. Atakuwepo mweka hazina wa kikoba ambaye daftari lake analielewa yeye peke yake.

Kipindi cha kwanza usiwashe simu kabisa. Uliza swali moja: wiki hii ni maandishi gani yamekupita mkononi ukashindwa kuyasoma au kuyaamini? Andika kila jibu ubaoni kama lilivyosemwa. Utapata meseji za pesa, kadi ya kliniki, maelekezo ya dawa ya mifugo, barua ya mtendaji, tangazo la mkopo, ripoti ya shule ya mtoto. Orodha hiyo ipige picha na uitunze, maana ndiyo itakayokuongoza muhula mzima.

Kisha pitia kila jambo ukijiuliza kama kweli linahitaji mtandao. Mengi hayahitaji. Daftari la kikoba linafundishwa vizuri zaidi kwa karatasi, rula na kalamu za rangi mbili kuliko programu yoyote ya mahesabu. Maelekezo ya dawa yanafundishwa kwa pakiti tupu ulizookota duka la dawa. Zana ya mtandaoni ichukue nafasi pale tu inapofanya kitu ambacho chaki haiwezi: kurudia sauti mara kumi bila kuchoka, kukusanya majibu ya watu bila kumwaibisha yeyote, au kumfikia aliyekosa darasa.

Hatua ya 2: Jua vilivyopo, ila usiulize hadharani

"Nyoosheni mikono wenye simu janja" ni sentensi inayoligawa darasa kwa sekunde tatu, na aliyekaa na kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, mfukoni hatasahau. Muulize kila mtu peke yake wakati wa kujaza rejista. Simu ni ya aina gani? Ni yake, au ni ya mume, ya binti, ya kaka? Anaishika saa ngapi? Ana WhatsApp? Anajaza bando la siku au la wiki?

Ongeza swali moja ambalo wawezeshaji wengi hulisahau: anaziona herufi? Kuanzia miaka ya arobaini na kitu, macho ya watu wengi huanza kushindwa kusoma karibu. Wapo wanakisomo, yaani wanafunzi wa darasa la watu wazima, wanaohesabiwa kuwa wazito wa kusoma, kumbe uzito uko kwenye macho. Kabla ya somo lolote la simu, nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya onyesho, ukuze maandishi hadi mwenye simu aseme basi. Dakika hiyo moja inaweza kumfaa kuliko kipindi kizima.

Kuhusu lugha ya simu, Android na WhatsApp zote zina Kiswahili. Lakini usimbadilishie mtu bila kumuuliza. Wengi wamekariri mahali kitufe kilipo na sura ya neno la Kiingereza. Ukibadilisha ghafla, hata kilichokuwa kinafanyika kinaacha kufanyika.

Mtandao upime saa ile ile ya darasa, ndani ya chumba kile kile. Mtandao wa saa tano asubuhi nyumbani kwako haukuambii lolote kuhusu saa kumi jioni chini ya bati la darasa la nne B. Tembea na simu pembe zote za chumba. Mara nyingi kuna dirisha moja linaloshika vizuri, na hapo ndipo utakapoweka meza yako.

Bando ni suala la haki. Mwanakisomo asilipie somo kwa bando lake. Washa hotspoti ya simu yako uwagawie vikundi, ukijua kuna mtego: simu zikijiunga na hotspoti zinadhani zimepata Wi-Fi ya bure, zinaanza kusasisha programu na kupandisha picha za harusi za mwaka jana. Bando la wiki litateketea kabla hamjamaliza salamu. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi katika kila simu inayopokea, uguse jina la mtandao wako, na kuchagua uhesabiwe kuwa mtandao unaopimwa data. Ukishafanya hivyo mara moja, simu hukumbuka.

Hatua ya 3: Chagua zana moja

Zana moja kwa muhula. Ukizidisha, zana ya pili iwe yako wewe, wao wasiijue. Kila programu mpya inakuja na akaunti, nywila na vitufe vyake, na saa mbili za darasa zinakwisha watu wakitafuta walipobonyeza.

WhatsApp ndiyo ya kuanzia, kwa sababu ipo tayari na wengi wanajua angalau kupokea sauti. Nguvu yake kwa kisomo ni hiyo sauti. Asiyejua kuandika anaweza kujibu swali siku hiyo hiyo. Anayejifunza kusoma anaweza kusikiliza sentensi huku akiifuata kwa kidole kwenye karatasi. Sauti ya dakika moja haifiki hata MB 1, ilhali video ya dakika hiyo hiyo inaweza kula MB kadhaa. Kura ya kwenye kundi nayo ni nzuri kwa kupanga ratiba, "tukutane Jumanne au Jumatano?", lakini usiitumie kuuliza maswali ya somo. Kila aliyemo kwenye kundi anaweza kufungua na kuona nani amechagua nini, na aliyekosea ataonekana na wote.

Plickers ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa darasa lisilo na simu, na nashangaa haijulikani zaidi. Simu inayohitajika ni yako tu. Unachapa kadi zenye michoro ya miraba myeusi na myeupe, kila mtu anapata kadi yenye namba yake, na kila upande wa kadi una herufi ndogo: A, B, C au D. Unauliza swali, mwanakisomo anaizungusha kadi ili jibu lake liwe juu na kuiinua. Wewe unapitisha kamera ya simu darasani na majibu yanaingia yenyewe. Jirani hawezi kusoma jibu la mwenzake kwa sababu herufi ni ndogo na michoro yote inafanana kwa jicho la mtu. Bibi wa miaka 70 na kijana wa bodaboda wanajibu kwa wakati mmoja, kwa heshima sawa. Programu yenyewe ni ya Kiingereza, lakini anayeisoma ni wewe. Chapa kadi kwenye karatasi ngumu, na usiziweke kwenye plastiki inayong'aa, maana mwanga unarudi na kamera inashindwa kusoma.

Kahoot, programu ya mashindano ya maswali, inachangamsha, na hapo ndipo shida ilipo. Ilivyo kwa kawaida, inampa pointi nyingi anayejibu haraka. Kwa vijana ni mchezo; kwa mtu anayesoma herufi kwa herufi ni kushindwa mbele ya watu kwa muziki. Ukiitaka, chagua aina ya vikundi ili kila kikundi kitumie simu moja, weka muda mrefu kabisa wa swali, ambao ni dakika 4, na uondoe pointi. Swali lina ukomo wa herufi 120, kwa hiyo usiandike insha.

Google Forms ni ya kukusanya majibu ya siri: nani anataka kujifunza nini, nani anapata shida kufika, somo la leo lilikuwaje. Haimdai anayejibu awe na barua pepe, ilimradi usiwashe mpangilio wa jibu moja kwa mtu mmoja wala swali la kupakia faili. Vyote viwili vinamlazimisha kuingia kwa akaunti ya Google. Kwa wanaoanza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) fomu haifai, ila kwa hatua ya juu wanaojiandaa na mitihani inafaa, na majibu unayapata kwenye jedwali.

Kwa vitabu vya kusoma, African Storybook ina hadithi nyingi fupi za Kiswahili zenye leseni huria, unaweza kupakua na kuchapa bila kumwomba mtu ruhusa. Ni hadithi za watoto, na mtu mzima akipewa hadithi ya sungura ana haki ya kununa. Waambie ukweli: tunajifunza kumsomea mjukuu jioni. Sababu hiyo inamkaa vizuri mzazi yeyote. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina vitabu vya kiada vya kuwafaa wanaorudia elimu ya sekondari.

Kituo chenye kompyuta moja kuukuu kinaweza kuweka Kolibri, mfumo wa bure unaohifadhi masomo kwenye kompyuta hiyo na kuyagawa kwa simu zilizo karibu bila intaneti. Kuiandaa kunataka uvumilivu na mtu anayejua kompyuta kiasi. Kama hayupo, acha kwanza.

Mikutano ya video nayo iache. Inakula bando, sauti inakatika, na watu mnaoishi mtaa mmoja hamna sababu ya kuonana kwenye kioo.

Hatua ya 4: Maandalizi ya nyumbani

Pakua kila kitu kabla ya kutoka nyumbani. Picha, sauti, kurasa za hadithi: vyote viwe ndani ya simu, na majina ya faili yaeleweke, "somo3_sauti_bei" badala ya namba ndefu. Ukurasa wa tovuti unaotaka kuuonyesha upige picha ya kioo, mtandao ukigoma unayo. Kurusha faili kutoka simu hadi simu tumia Quick Share, au Xender kama ndiyo waliyoizoea. Hakuna bando linalotumika.

Kisha andaa somo hilo hilo kwenye karatasi. Umeme utakatika siku moja, na siku hiyo haipaswi kuwa siku ya kurudi nyumbani. Kama somo haliwezi kufanyika kwa karatasi hata kidogo, huenda lilikuwa somo la programu na halikuwa la kisomo.

Programu za akili unde kama ChatGPT zinaweza kukusaidia wewe kuandaa: mwambie akuandikie aya ya sentensi tano fupi kuhusu bei za sokoni, kwa maneno ya silabi mbili na tatu. Isome kwa sauti kabla ya kuichapa. Kiswahili chake wakati mwingine kina upatanisho uliopinda, na takwimu zake usizipeleke ubaoni bila kuzithibitisha. Majina ya wanakisomo usimpe.

Hatua ya 5: Somo lenyewe, mfano wa meseji za pesa

Nachukua mfano huu kwa sababu pesa za simu zimeingia kila nyumba tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na matapeli wamezifuata nyuma nyuma. Somo ni la saa moja na nusu hivi.

Andaa picha za meseji tatu, ukiwa umefuta majina na namba za kweli. Ya kwanza ni ya muamala halali: "Umepokea Tsh 35,000. Salio lako jipya ni Tsh 47,200," pamoja na namba ya kumbukumbu, tarehe na saa. Ya pili ni ile tunayoifahamu wote: "Ile hela itume kwenye namba hii, laini yangu inasumbua." Ya tatu ni ya hatari zaidi, imeandikwa kwa mtindo wa meseji ya kampuni, "Umepokea Tsh 150,000", lakini imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Mara nyingi baada yake hufuata simu ya mtu anayelia kwamba amekosea kutuma, anaomba arudishiwe.

Gawa vikundi vya watu watano, kila kikundi simu moja. Anayeshika simu awe yule asiyeizoea, na anayejua sana akae bila kushika, kazi yake ni kueleza kwa mdomo tu. Sheria hii isimamie, maana bila hiyo kijana mmoja atafanya kila kitu na wanne watatazama.

Dakika za kwanza, vikundi vitafute vitu vitano katika meseji ya kwanza: kiasi, salio jipya, tarehe, saa, namba ya kumbukumbu. Wavionyeshe kwa kidole, kisha wavinakili daftarini. Anayeanza kusoma anatambua tarakimu kabla ya maneno, kwa hiyo hata aliye nyuma ana la kuchangia hapa.

Halafu simu zilazwe mezani. Ubaoni uliza: kama umepokea 35,000 na salio limekuwa 47,200, kabla ya hapo ulikuwa na shilingi ngapi? Waache wahesabu wanavyojua wao, kwa vidole, kwa kupanga mamia, kwa njia ya sokoni. Jibu ni 12,200, lakini omba kila kikundi kieleze njia yake. Mama wa genge anayetoa chenji siku nzima ana njia ya kutoa ambayo haimo kwenye kitabu, na inafaa ionekane ubaoni ikiwa na jina lake.

Washeni tena kwa meseji ya pili na ya tatu. Swali ni moja: ungefanya nini? Hapa nyamaza. Watu watasimulia yaliyowapata wao, dada zao, majirani, na mjadala huu ndio kiini cha somo lote. Ukiuharakisha kwa sababu ya ratiba, umelitupa.

Malizia kwa mambo ya kufanya, kila moja likiandikwa ubaoni na kunakiliwa. Salio linaangaliwa kwenye menyu ya huduma yenyewe, halisomwi kwenye meseji uliyotumiwa. Anayesema amekosea kutuma aambiwe awasiliane na mtandao wake, pesa isirudishwe kwa mkono. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, hata anayejiita wakala mkuu. Kwa Tanzania, namba ya tapeli inaripotiwa bure kwenda 15040, na kwa kupiga *106# mtu anaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Hiyo *106# ijaribuni pale pale, inafanya kazi hata kwenye kitochi. Kuna uwezekano mtu akakuta laini asiyoijua. Mwelekeze kwenye ofisi ya mtandao husika, na jina lake lisitajwe darasani.

Mwisho kabisa, maswali manne ya Plickers: picha ya meseji, halali au tapeli? Matokeo yako wewe unayo kwenye simu, kwa kila mtu. Darasani onyesha jumla tu.

Hatua ya 6: Sauti igeuke maandishi

Shughuli hii inastahili kipindi chake. Kibodi ya Google, Gboard, inaweza kuandika Kiswahili kinachosemwa. Weka lugha ya Kiswahili kwenye kibodi, gusa alama ya maikrofoni, mpe mwanakisomo simu, aseme sentensi moja kuhusu kazi yake: "Mimi nauza mchicha sokoni kila asubuhi." Maneno yanatokea. Mtu ambaye hajawahi kuona maneno yake mwenyewe yameandikwa hukaa kimya kidogo, na wenzake nao.

Sasa kazi inaanza. Sentensi hiyo ihamishwe kwenye karatasi kwa mkono wake, herufi kubwa. Anaisoma, kwa sababu tayari anajua inasema nini. Anakata karatasi neno kwa neno, anavuruga vipande, anavipanga upya. Kesho yake anabadilisha neno moja: mchicha uwe nyanya, asubuhi iwe jioni. Neno analolijua limekuwa ngazi ya asilolijua.

Kibodi itakosea. Majina ya vitongoji huyavuruga, na lafudhi ya mtu aliyekua na Kisukuma au Kiha inaweza kuichanganya. Usiombe radhi kwa niaba ya mashine. Geuza kosa kuwa swali. "Imeandika nini hapa? Wewe ulisema nini? Tuirekebishe vipi?" Ni mara chache mwanakisomo anapata nafasi ya kumsahihisha aliyeandika, na huichukua kwa furaha. Huduma hii kwa kawaida inataka intaneti, kwa hiyo mpeleke kila mmoja kwenye lile dirisha linaloshika.

Sentensi za darasa zima zikikusanywa kwa majuma kadhaa zinatosha kijitabu. African Storybook ina sehemu ya kutunga hadithi yako mwenyewe kwa picha na maandishi, na kitabu kilichoandikwa na wanakisomo wenyewe kinasomwa kwa bidii ambayo hakuna kitabu cha kiada kitaipata.

Hatua ya 7: Kundi la WhatsApp kati ya vipindi

Kundi lisipokuwa na mlezi, mwezi wa pili linakuwa la "habari za asubuhi" zenye maua, tangazo la dawa ya nguvu, na sala za kusambaza kwa watu kumi. Kubalianeni sheria darasani, kwa mdomo, kabla ya kuliunda. Somo linatumwa siku gani, saa ngapi, na baada ya saa tatu usiku hakuna kitu. Watu wana ndoa na wana usingizi.

Hapo pia weka wazi jambo la namba. Ukimwingiza mtu kwenye kundi, wote wanaona namba yake. Wapo akina mama ambao hilo litawaletea maswali nyumbani, na wapo wasiotaka mtaa ujue kwamba wanasoma KKK. Omba ruhusa ya kila mtu peke yake. Asiyetaka, mtumie kwa orodha ya matangazo; anapokea yeye kama yeye, ilimradi ameihifadhi namba yako kwenye simu. Jina la kundi nalo liwe la kawaida. "Marafiki wa Jumanne" linatosha, neno kisomo si lazima lionekane juu ya kioo cha simu inayoshikwa na watoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, lakini hata bila sheria, picha ya mtu akihangaika na kalamu hairushwi popote bila yeye kukubali.

Kazi za nyumbani ziwe ndogo. Jumatatu tuma sauti ya sentensi moja, waiandike kwenye daftari na kupiga picha. Jumatano waombe picha ya neno moja waliloliona njiani na kulisoma, la kwenye daladala, duka, ukuta. Majibu ya kazi yaje kwako faragha. Kwenye kundi weka yale mazuri kwa idhini ya mwenyewe. Kosa la mtu lisisahihishwe hadharani, hasa la mzee mbele ya vijana.

Mwenye kitochi usimwache nje. Mtumie meseji ya kawaida yenye sentensi ile ile, au mpangie mwenzake wa jirani amsikilizishe sauti.

Adabu ya mkono

Hili sikuliwekea namba kwa sababu linapita kila hatua. Mwezeshaji mara nyingi ni kijana kuliko anaowafundisha. Salamu kwanza, shikamoo zako zote, ndipo simu. Usimnyang'anye mtu simu mkononi ili kumwonyesha. Sema, "Mama, naomba niguse hapa," au bora zaidi, eleza kwa maneno na yeye mwenyewe aguse. Kinachofanywa na kidole chako hakitabaki kwake. Meseji ikiingia wakati umeishika, igeuze simu kifudifudi, kioo chini, usisome. Na ukiona salio la mtu, hujaliona.

Kupima na kufunga muhula

Usipime programu. Rudi kwenye ile picha ya ubao wa kipindi cha kwanza, uulize kila mtu: barua ya mtendaji, kadi ya kliniki, meseji za pesa, sasa unazisoma? Mpe halisi, asome. Ripoti za Plickers zitakuonyesha nani alibaki nyuma kwenye nini, na hilo ni la kupanga muhula ujao, halibandikwi ukutani.

Kundi lifungwe au likabidhiwe. Wakitaka liendelee, wateue wasimamizi wawili kutoka miongoni mwao, wewe ujiondoe kwenye usimamizi. Wasipotaka, futa picha za kazi zao zilizobaki kwenye simu yako, futa fomu na majedwali yenye majina, kisha kila mmoja aondoke na kijitabu kilichochapwa chenye sentensi zake, maana mwaka ujao huenda simu ile imeshauzwa.